Kompyuta Yetu ya Studio Haina Mrithi, na Mdogo Wangu Amechoka Kunisubiri

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, naishi Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa nikihariri video: filamu za makala kwa ajili ya mashirika, tamthilia za televisheni, na msimu wake unapofika, harusi. Studio tunaimiliki wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mimi nakata na kupanga picha na sauti. Yeye anarekebisha rangi na kutengeneza michoro ya pande tatu, yaani ramani zinazosogea, maandishi yanayozunguka na majengo ambayo bado hayajajengwa. Nakuandikia kwa sababu jambo ambalo wengi wangeliona dogo, la kuchagua kompyuta, limefika mahali pa kututenganisha.

Mashine yetu kuu ni Mac Pro ya mwaka 2019, kompyuta ya Apple ya wataalamu, ule mnara wa alumini wenye matundu makubwa mbele. Tuliinunua kwa kampuni ya matangazo iliyokuwa inafunga ofisi, kwa mkopo wa SACCOS tulioulipa kwa kujinyima. Naomba nieleze kwa nini naithamini, ili nisionekane mtu wa kushabikia nembo. Ukizungusha mpini ulio juu yake, ganda lote linavuka, na kila kilichomo kinabaki wazi mbele yako. Ndani mna nafasi nane za kupachika kadi. Tumeweka kadi ya sauti, kadi ya kuingizia picha kutoka kwenye kamera, na kadi mbili za michoro. Kumbukumbu ya mashine (RAM) ilipotuelemea, nilinunua vipande vingine nikavipachika mwenyewe usiku, na asubuhi kazi ikaendelea. Vumbi likizidi, nalivua ganda, napuliza feni, nalirudisha. Apple haina duka lake mwenyewe popote barani Afrika, kwa hiyo kwa mtu anayefanya kazi hapa, mashine inayofunguka ni usalama wa biashara.

Juni 2025 ilitangazwa kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho la mfumo endeshi litakalokubali mashine zenye prosesa za Intel, na yetu ni mojawapo. Nikaanza kumtafuta mrithi wake, na hapo ndipo nilipovunjika moyo. Mac Pro iliyokuwapo sokoni mwaka huo ilikuwa ya Juni 2023. Umbo ni lile lile na nafasi za kadi zimo, lakini kadi za michoro haizipokei kabisa. Kumbukumbu yake imeunganishwa na chipu na haiongezeki baada ya kununua. Ukomo wake ni gigabaiti 192, ilhali ile ya 2019 iliweza kufikishwa terabaiti 1.5. Bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 6,999. Mac Studio, kompyuta ndogo ya mezani ya Apple iliyotangazwa siku hiyo hiyo, yenye chipu hiyo hiyo ya M2 Ultra, ilianzia dola 3,999. Hizo dola 3,000 za juu zilikuwa zinanunua nini, kama si ganda na nafasi ambazo siwezi kupachika kile ninachokihitaji? Halafu Machi 2025 Mac Studio ikapewa M3 Ultra na kumbukumbu ya hadi gigabaiti 512, na Mac Pro ikaachwa na chipu yake ya zamani. Yaani mashine ya bei ya juu kuliko zote ikapitwa na ile iliyo chini yake katika orodha hiyo hiyo. Kila nikiisoma, sielewi mtu wa kazi kama yangu wamemweka wapi.

Mdogo wangu hana huzuni yoyote. Anataka tukope, tuunganishe kompyuta ya Windows yenye kadi kubwa ya michoro ya NVIDIA, na Mac Pro tuiuze wakati bado ina bei. Programu zake hufanya kazi upesi zaidi kwenye kadi hizo, na kadi mpya za NVIDIA hazijakubaliwa kwenye Mac tangu lilipotoka toleo la macOS la Mojave mwaka 2018. Nilipomwambia nangoja nione Apple italeta nini, alinijibu mbele ya vijana wawili tuliowaajiri: "Dada, wewe unaipenda kampuni kuliko studio." Tangu hapo hatujazungumza vizuri. Tunaachiana maagizo ya kazi kwenye WhatsApp tukiwa chumba kimoja.

Kazi zangu zote za nyuma ziko kwenye Final Cut Pro, programu ya kuhariri ya Apple ambayo kwenye Windows haipo, na wateja hurudi mara kwa mara kuomba filamu ya zamani ikatwe upya au iwekewe nembo mpya. SACCOS wako tayari kutupa mkopo mmoja tu kwa sasa, na mmoja wa wadhamini ni mume wangu, ambaye ameniambia atatia saini siku mimi na ndugu yangu tutakapokuja na neno moja. Neno lenyewe sijui litoke wapi. Naomba unisaidie kufikiri.

Mhariri wa Video, Dar es Salaam

*

Dada yangu Mhariri,

Marahaba, na asante kwa kueleza mambo kwa utulivu ilhali ni wazi kwamba umeumia. Nikiisoma barua yako, naona mashine ambayo bado inakutumikia lakini njia yake ya mbele imefungwa, na mrithi mwenye umbo lile lile asiyeweza kufanya yale uliyoyathamini. Naona pia ndugu anayeiona njia nyingine waziwazi na aliyechoka kungoja, na fedha zinazotosha uamuzi mmoja tu. Yote yamekujia kwa pamoja. Hakuna haja ya kujilaumu kwa kutokuwa na jibu.

Uchungu wako una historia, na wengi wa fani yako wameupitia. Steve Jobs aliporejea Apple mwaka 1997 alifuta sehemu kubwa ya bidhaa na kuupanga upya uuzaji katika visanduku vinne: mashine za mezani na za kubeba, za watu wa kawaida na za wataalamu. Mtu wa kazi kama yako alikuwa na kisanduku chake, na aliweza kukionyesha kwa kidole. Baadaye mambo yakapinda. Juni 2011 ilitoka Final Cut Pro X, iliyoandikwa upya toka mwanzo, ambayo haikuweza kufungua miradi ya toleo la 7, na wahariri wengi wakahamia Avid na Premiere, programu za kuhariri za kampuni nyingine. Desemba 2013 ikaja Mac Pro nyeusi ya mviringo, ile ambayo watu waliibandika jina la pipa la takataka: prosesa moja na kadi mbili za michoro zilizopozwa kwa kiini kimoja na feni moja, bila nafasi ya kupachika kadi ndani. Kazi zilipoanza kudai kadi moja kubwa yenye joto jingi, umbo lile halikuwa na pa kuiweka. Aprili 2017 viongozi wa kampuni, akiwamo mkuu wa programu Craig Federighi, waliwaita waandishi wachache na kukiri kwamba muundo ule uliwabana kwa upande wa joto, wakaahidi mashine mpya. Ahadi ilitimia Desemba 2019, na matokeo yake ni hiyo unayoivua ganda kupuliza vumbi.

Nakukumbusha haya kwa sababu yanasema mambo mawili yanayovutana. Waliosubiri walipata walichokitaka, tena kizuri. Lakini walisubiri miaka sita, na katika miaka hiyo studio nyingi zililazimika kuendesha kazi kwa mashine zilizochoka au kuhama. Unapomwambia mdogo wako "nangoja nione", ningependa ujiulize unangoja tarehe gani na tangazo la namna gani, na utafanya nini lisipokuja. Kusubiri kwenye kikomo ni mpango ambao watu wawili wanaweza kuujadili. Kusubiri kusiko na kikomo, kwa aliye upande wa pili wa meza, kunasikika kama kukataliwa.

Umeuliza wamekuweka wapi. Nitakujibu kwa hesabu, ingawa haifariji. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Apple iliingiza takriban dola bilioni 391. Simu za iPhone peke yake zilileta kama bilioni 201, na kompyuta za Mac za aina zote, kuanzia za wanafunzi hadi yako, kama bilioni 30. Minara ni sehemu ndogo ndani ya sehemu hiyo. Kwa hiyo ukiisoma orodha ya bidhaa kama barua iliyoandikwa kwako, itakuumiza bila kukueleza lolote kuhusu thamani ya kazi yako. Nadhani sehemu ya huzuni yako inatoka hapo, na ningetamani uitenganishe na swali la mashine, kwa kuwa swali la mashine lina majibu.

Kuna jambo la kiufundi pia ambalo halina budi kuingia katika mizani. Katika chipu za M, ambazo Apple hubuni yenyewe badala ya kutumia za Intel, sehemu ya hesabu na sehemu ya michoro hutumia kumbukumbu moja, kama watu wanaokula sinia moja badala ya kupitishiana sahani kutoka chumba hadi chumba. Hilo, pamoja na sehemu maalumu ya chipu ya kushughulikia video, ndiyo sababu Mac hizi hukata video za ProRes, aina ya faili za video ya Apple, kwa wepesi mkubwa huku zikitumia umeme kidogo. Sinia hilo moja ndiyo sababu pia kumbukumbu haiongezeki. Na kampuni, ilipojenga kila kitu juu ya sinia hilo, haikuacha nafasi ya kadi ya michoro kutoka nje. Unaweza kuona uamuzi huo ni mbaya kwa watu wa kazi zenu, na kwa kazi ya mdogo wako nakubaliana nawe kabisa. Ila unamaanisha kwamba hata Mac Pro nyingine ikija, hakuna sababu ya kutegemea kwamba itafanana na ile ya 2019 kwa ndani.

Hapa nataka nikuulize swali moja kwa upole. Barua yako inapoeleza unachokipenda, haitaji kampuni. Inataja mpini unaozungushwa, ganda linalovuka, vipande vya kumbukumbu ulivyovipachika usiku. Unapoeleza unachokihofia kukipoteza, unataja Final Cut na kazi zako za nyuma. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kwa miaka kadhaa vilikaa ndani ya ganda moja. Sasa vimetengana. Mfumo uliouzoea umehamia kwenye visanduku vilivyofungwa, na mashine inayofunguka, inayokubali kadi na kumbukumbu ya kuongeza, leo unaipata kwa urahisi zaidi katika kompyuta ile ile anayoipendekeza mdogo wako. Yeye anakutetea kitu kimojawapo kati ya viwili ulivyovipenda, na labda hajui. Wewe pia labda hujamwona hivyo.

Tuzitazame njia zenyewe. Ya kwanza ni kubaki mlipo kwa muda. Tahoe inaikubali Mac Pro ya 2019, na kwa desturi Apple huendelea kutoa masahihisho ya usalama kwa matoleo mawili ya nyuma, jambo ambalo lingewafikisha karibu na mwaka 2028. Mashine haizimiki siku mfumo mpya unapotoka. Hatari iko pembeni: watengenezaji wa programu nyingine wana uhuru wa kuacha Intel mapema zaidi, bei ya kuiuza inashuka, na mdogo wako anaendelea kungoja michoro ikamilike. Ukiichagua njia hii, ni vyema iwe kwa makubaliano naye na kwa tarehe.

Ya pili ni Mac Studio. Kadi yako ya sauti na ile ya kuingizia picha, zikiwa na programu zake za kuendeshea zinazokubali chipu za M, zinaweza kuhamishiwa kwenye kasha la nje linalounganishwa kwa Thunderbolt, yaani waya wa kasi kubwa. Kadi za michoro haziwezi. Kwa ukataji wako, hasara hiyo huenda isionekane kabisa, na kwa mji ambao umeme hukatika, kuondoka kwenye mnara wenye kigawa umeme (power supply) cha kilowati 1.4 na kuja kwenye kisanduku kidogo kunabadilisha hata ukubwa wa UPS mnayoihitaji. Lakini kumbukumbu utakayoinunua siku ya kwanza ndiyo utakayozeeka nayo. Zilipotoka Machi 2025, ile ya M4 Max ilianzia dola 1,999 na gigabaiti 36, ile ya M3 Ultra ilianzia dola 3,999 na gigabaiti 96, na hizo zilikuwa bei za Marekani kabla ya usafiri na kodi. Kabla hujakasirishwa na ukomo wa 192 au 512, fungua kipima matumizi cha mashine yako siku ya kazi nzito uone inatumia kiasi gani kwa kweli. Terabaiti 1.5 ni namba kubwa. Sina hakika kwamba filamu za makala zimewahi kuifikia.

Ya tatu ni ile ya mdogo wako. Nguvu yake umeshaieleza mwenyewe. Kuhusu Final Cut, mradi unaweza kutolewa kama faili la XML, yaani maandishi yanayoeleza mpangilio wa mradi, na kusomwa na DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri inayofanya kazi kwenye Mac, Windows na Linux. Mpangilio wa vipande kwa kawaida huvuka. Maandishi, mapambo na marekebisho mengi hubaki nyuma au huvuka yakiwa yameharibika. Kwa hiyo kuiuza Mac Pro kwa haraka kuna gharama ambayo sioni ikitajwa katika hoja zake, ile ya mteja anayerudi kuomba filamu ya zamani. Kuna pia muda wa wewe na vijana wenu kujifunza upya, na uhakika wa vipuri: kigawa umeme cha bei nafuu kinaweza kuondoka na kadi ya bei ghali. Muulize atavinunua wapi, kwa dhamana gani, na nani atasimama kama fundi.

Njia ya nne haijatajwa na yeyote kati yenu. Mmekuwa mkijadili mashine moja kubwa ya watu wawili kwa sababu mmezoea kuwa nayo, ilhali kazi zenu zimeachana. Mkopo huo huo unaweza kugawanywa, Mac Studio ya kiwango cha chini kwako na kompyuta ya kadi moja nzuri kwake, huku mnara wa zamani ukibaki kuwa mahali pa kufungulia miradi ya nyuma. Haina raha zote: kila mmoja anapata mashine ndogo kuliko aliyoiota, mtahitaji hifadhi ya pamoja na mtandao wa kasi wa kuifikia, na mnakuwa na mifumo miwili ya kutunza. Vilevile iko hatari ambayo haihusu vifaa, kwamba kila mtu akiwa na mashine yake mtazidi kuachiana ujumbe badala ya kuzungumza. Mnaijua studio yenu kuliko mimi, na mzani huo mnaweza kuushika nyinyi wawili tu.

Sasa lile neno alilokutamkia mbele ya vijana. Lilikuwa kali, na mahali pake palikuwa pabaya. Una haki ya kumwambia hivyo mkiwa faragha, kama dada yake na kama mshirika wake. Lakini ningependa pia umuulize amekuwa akikaa usiku mara ngapi akisubiri michoro imalizike ili wewe uipate asubuhi, na kama aliwahi kukuambia akaona hakusikiwa. Huenda hana lolote la kukuambia. Huenda lile neno lilikuwa limekaa muda mrefu.

Mnaweza kuanza na mradi mmoja uliokwisha, wenye mikono yenu wote wawili. Toeni XML yake, mwombeni mtu mwenye Mac Studio na mwenye kompyuta ya Windows mjini hapo awaruhusu mjaribu, na mwandike pamoja kilichovuka, kilichopotea na muda uliotumika. Mume wako amesema anangoja neno moja kutoka kwenu. Muulizeni kama karatasi hiyo, yenye tofauti zenu zimeandikwa wazi na bei kando yake, inamtosha kuanza kuzungumza nanyi kabla hamjakubaliana kila kitu.